Usikubali sarafu zako zipimwe kwa kilo

Dada wa Mikindani, huyo mtu wa mizani asifike kwako Jumamosi. Mpigie leo hii umwambie biashara imekufa. Nimelisoma swali lako nikiwa kwenye matatu na nimeshindwa kungoja nifike nyumbani.

Umesema una ndoo na nusu ya sarafu tangu ufungue kibanda, benki wanakuzungusha, na kuna jamaa aliyeahidi kuja kuzipima kwa kilo, akate kumi kwa mia, akupe noti palepale. Umeuliza pia kama sarafu za zamani zenye sura ya Moi na ya Mzee Kenyatta bado zinapita, kama waweza kuziingiza M-Pesa, na ufanyie nini sarafu za euro ulizoachiwa na shemeji wa hotelini. Nianze na mizani, kwa sababu hapo ndipo utakapoumia.

Mie nina kioski Mishomoroni, hapahapa Mombasa. Sukari ya kupima, mafuta ya kupima, maziwa, mkate. Sarafu ya ishirini hailali kwangu, hiyo hutoka kwenye chenji siku ileile. Zilizokuwa zikiingia ndooni ni za shilingi moja, za tano, na za kumi kiasi. Ndoo ya rangi ikajaa, ya pili nayo ikaanza kupanda. Januari ikafika, shule zinafunguliwa, karo inadaiwa, na mimi pesa ninazo uvunguni mwa kitanda lakini hakuna anayezitaka. Ndipo akaja mtu kama huyo wako. Sitashangaa akiwa ni yuleyule.

Alikuja na adabu zote, shikamoo kwa wazee, viatu akavulia mlangoni. Akaikokota ndoo mwenyewe kutoka uvunguni hadi barazani, akaitikisa, akaigongagonga chini, ati zikae vizuri. Kisha akachota za juu mpaka mizani ikasoma kilo moja, tukazihesabu pamoja, moja moja, mimi na yeye. Zikatoka shilingi mia nne na kitu. Akasema, "Basi kaka, kila kilo tuiite mia nne, tusikeshe hapa tukihesabu ndoo nzima." Zilizobaki tukazipima kwa kilo, tukapiga hesabu, akatoa kumi yake kwa kila mia, akanilipa, akaondoka na tuktuk.

Sasa nisikilize vizuri. Mizani ile haikuchezewa. Niliijaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo moja na ikasoma sawasawa. Hesabu tuliifanya wote wawili na haikuwa na kasoro. Wizi ulikuwa kwenye kule kuitikisa ndoo.

Chukua sarafu ya shilingi moja na ya shilingi tano, ziweke kiganjani sasa hivi. Ya tano ndiyo ndogo, na ndiyo nyepesi. Ukitikisa chombo chenye vitu vya ukubwa mbalimbali, vidogo hupenya kwenye nafasi vikashuka, vikubwa hubaki juu, kama chenga za mchele zinavyojaa chini ya gunia. Ndoo ikitikiswa vya kutosha, za tano huzama na za shilingi moja hutanda juu. Akichota za juu, amechota kilo yenye thamani ndogo kuliko zote ndooni, halafu akaifanya hiyo ndiyo bei ya kila kilo iliyo chini yake. Na wewe umehesabu naye, umeshuhudia, huna pa kulalamikia.

Nimejuaje? Kulikuwa na kopo la Kimbo lenye sarafu, lililokuwa nyuma ya mtungi, tulilisahau siku ile. Usiku mke wangu akalimwaga mkekani tukazipanga. Asubuhi tukaazima mizani ya jirani muuza nyama. Kilo ya sarafu za shilingi moja tupu haifiki mia mbili. Kilo ya za tano tupu inapita elfu moja. Kilo ya za kumi inakaribia elfu mbili. Na kopo letu lenyewe, lililochanganyika vilevile kama ndoo zilivyochanganyika, lilitoka zaidi ya elfu moja kwa kilo. Mimi nimelipwa mia nne, tena juu ya hiyo mia nne nikakatwa "ujira". Piga hesabu mwenyewe ndoo na nusu ni kilo ngapi, uone ni karo ya muhula gani niliyomkabidhi mtu nikamsindikiza hadi kwenye tuktuk.

Anayetaka kucheka acheke. Lakini kabla ya kucheka aende kwanza akaitikise ndoo yake mwenyewe, aichote juu, kisha aichote chini, azihesabu zote mbili. Atarudi hapa ametulia.

Na huyu jamaa hakunijia tu kutoka hewani. Nililetewa na mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa kuaminika, swafu ya mbele msikitini, ambaye aliniapia kwamba sarafu zenye sura za marais "zilikufa pamoja na ile noti ya elfu" na nishukuru kuna mtu anazichukua. Baadaye nikaambiwa kila anayempeleka kwa yule jamaa yeye hupata chake. Mzee, najua unapita humu kusoma. Ile karo ilikuwa ya watoto, na wewe watoto wenyewe unawajua kwa majina. Na karani wa benki yangu naye, benki siitaji, aliitazama ndoo, hata mfuniko hakuufungua, akaniambia hawachukui, akamwita mteja wa nyuma yangu. Lau angeniambia tu, "nenda ukazipange kwa aina, uje katikati ya mwezi," nisingemsikiliza mtu wa mizani hata dakika moja.

Kwa hiyo hilo la sarafu za zamani lichukue kama lilivyo. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza noti mpya, na noti ya zamani ya elfu moja ikakoma tarehe 1 Oktoba mwaka ule. Ilikoma hiyo noti moja peke yake. Sarafu hazikuguswa. Sarafu mpya zilikuwa zimekwisha kutoka Desemba 2018: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Zilibadilishwa kwa kuwa katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu kwenye pesa, na Benki Kuu ikasema za zamani zitaendelea kutumika pamoja nazo. Ya Moi ni pesa, ya Mzee Kenyatta ni pesa. Anayekwambia zimekufa mwulize anazitakia nini basi. Ukiiona ya shilingi arubaini yenye sura ya Kibaki, ile ya mwaka 2003 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, iweke kando kabisa, wala isiingie kwenye kilo ya mtu.

Kanuni ni hii, na nitairudia hata mkinichoka: sarafu haiuzwi kwa uzito na haikatwi kitu. Inahesabiwa, aina kwa aina, na mia moja ya sarafu inatoka kwa noti ya mia moja. Shilingi ni shilingi. Anayehitaji chenji ananunua urahisi wake, na wewe humdai kwa urahisi huo, sasa yeye akudai wewe kwa lipi?

Mimina mkekani, wape watoto kazi. Za kumi zifungwe kumi kumi, za tano ishirini ishirini, kila kibunda mia moja. Za shilingi moja zifunge hamsini hamsini. Tumia gazeti na gundi kidogo, au bahasha za khaki, maana mifuko ya plastiki iliondoka tangu 2017. Mtu akikutilia shaka mwache achague kibunda chochote akifungue. Akishafungua viwili akavikuta sawa, hataendelea.

Sasa, nani anazitaka? Mji huu mzima unazililia. Makondakta asubuhi stejini wanagombana na abiria kwa sababu ya shilingi kumi. Mama wa mahamri, muuza viazi karai, muuza kahawa wa Mji wa Kale ambaye kila kikombe ni chenji. Wauza nyanya wa Kongowea. Lakini walio bora kuliko wote ni wenye maduka makubwa ya mjini, na siku yao ni Alhamisi. Unajua Ijumaa maskini wanavyopita duka kwa duka kupokea sadaka, foleni kwa foleni. Mwenye duka anataka sarafu mamia kwa mamia, na akizikosa atabaki kutoa noti au kuwafukuza watu, na hapendi moja wala jingine. Nenda Mtaa wa Biashara Alhamisi alasiri na vibunda vyako kwenye kikapu. Ingia, salimia, mwambie, "Bwana, nina chenji ya kesho." Mimi nina mwenye duka la leso ambaye sasa ananipigia mwenyewe. Za shilingi tano ndizo anazopenda zaidi, na hajawahi kunikata hata peni.

Wingi wa vibunda usikutie pupa ya kuwapa wote kwa siku moja. Gawa. Mtu ukimletea za elfu tano ghafla ataogopa, ukimletea za elfu moja kila wiki atakuzoea.

M-Pesa ndiyo, inawezekana, na mteja hakatwi kitu kwa kuweka pesa. Tafuta wakala mwenye duka la bidhaa ndani yake, kwa kuwa yeye chenji ataitumia hukohuko kaunta. Wakala wa kibanda kitupu, mwenye kiti na simu tu, atakukatalia na ana haki yake, wateja wake wanakuja kutoa noti. Pia usimwendee asubuhi ya mwisho wa mwezi.

Benki nayo usiikate tamaa ikiwa umezipanga. Nenda katikati ya mwezi, mchana, siku isiyokuwa Jumatatu, na umwombe meneja kabla ya kupanga foleni. Ndoo iliyochanganyika watakukatalia kila tawi. Zilizofungwa na kuandikwa kiasi juu yake, wengi huzipokea.

Hizo euro, maduka ya kubadilisha pesa yanachukua noti tu, usijisumbue kupanda ngazi za mtu. Fanya wafanyavyo vijana wa ufuoni Nyali na Bamburi: wanatafuta mgeni anayekaribia kurudi kwao, wanampa sarafu, anawapa noti. Noti ndogo kabisa ya euro ni ya tano, kwa hiyo zipange za thamani ya euro tano tano kabla ya kumpa shemeji akuuzie hotelini. Zikiwa nne mgeni hana la kukupa, na zikiwa sita ile moja itakurudia mkononi.