Mkuu usilipe hiyo roboti, mfunge kwanza fundi wako kitambaa machoni

Simamisha hiyo advansi. Umeandika una mashine mbili za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) za kukereza na moja ya milingi, yaani ya kuchonga, unataka roboti moja katikati ihudumie zote usiku kucha, na unauliza ununue ya jointi nne au sita. Siyo jointi zitakazokuumiza.

Mimi nilichukua ya jointi sita. Jamaa aliyeniuzia alikuja na katoni yake ya vipande vya maonyesho, roboti ikapakia na kupakua kama inacheza, nikasaini. Kumbe vile vipande vilikuwa vimeshakerezwa, vyote saizi moja, visafi! Na alijua kabisa mimi nakata vyuma kwa msumeno, aliviona vimerundikwa pale mlangoni akanyamaza. Mpaka leo linanikera, maana ile hela ilikuwa ya mkopo.

Chuma cha msumeno kimoja kirefu kingine kifupi, tofauti milimita mbili tatu, ncha zimeenda upande. Fundi wangu hakuwahi hata kulitaja hilo kwa sababu mkono wake unajua wenyewe: anapuliza upepo, anapitisha kidole kwenye taya zinazobana kipande, anasukuma kipande mpaka anasikia kimegota ndo anafunga. Roboti yangu haikusikia kugota. Usiku wa nne uzi mmoja wa mabaki ya kukereza chuma, mwembamba kama wa kushonea, ukabaki kwenye taya, roboti ikabandika kipande juu yake, mlango ukafungwa, spindo (mhimili unaozungusha kipande) ikapanda mpaka mizunguko 1800 kwa dakika. Kipande kikachomoka kikapiga tareti, ile sehemu inayoshika visu. Mlango ulizuia, hakuna aliyeumia namshukuru Mungu, ila beringi za spindo kwisha, mashine imelala wiki tisa, na wateja wangu wa bushi (zile pete za chuma za kwenye mashine) hawakunisubiri.

Na siyo sisi wa karakana ndogo tu, hata Tesla mwaka 2018 Elon Musk alikiri hadharani walizidisha otomatiki, kuna roboti ilipewa kazi ya kushika mikeka laini ya nyuzi ikashindwa kabisa, mwisho wakagundua mikeka yenyewe haihitajiki wakaiondoa.

Sasa fanya hivi: zima mashine, mfunge fundi wako mzoefu kitambaa, mvalishe glavu nene, mkono mmoja tu, apakie vipande 50 kutoka kwenye trei. Watacheka, waache wacheke. Pale atakapokwama ndipo roboti itakapokwama na hapo ndo weka hela. Kwangu ilikuwa ni kunyoosha ncha kwanza, kubadili insati (ile ncha ya kisu inayokata) ili nyuzi zitoke fupifupi, na kutoboa tundu dogo la upepo pale kipande kinapoegemea: kikikaa sawa kinaziba tundu, presha inapanda, PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine) inaruhusu spindo, kisipokaa inagoma. Gharama yake mbele ya bei ya roboti ni ndogo mno na kwenye profoma ya yule jamaa haikuwemo.

Ya PLC na mkopo wa benki tutaongea. Leo chukua kalipa, pima urefu wa vipande 50 kutoka kwenye rundo lako, uniwekee hapa kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote.