Mbwa mkongwe, moyo mgonjwa na daftari la msumarini

Jana dada mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia. Ameombwa amuweke mbwa wa miaka 12, mgonjwa wa moyo, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. "Namuonea huruma, lakini naogopa." Dada yangu, khofu hiyo naijua.

Mbwa wangu Simba nililetewa hapa Bububu, Unguja, baada ya mwenyewe, mgeni aliyekuwa akifanya kazi hotelini, kurudi kwao. Niliambiwa wiki 2 tu. Mdomo wote mvi, tumbo limejaa maji, usiku anakohoa mpaka miguu inamlegea. Daktari wa mifugo wa mwanzo hata hakumgusa. Alisema apigwe sindano apumzike. Neno lile linaniuma mpaka leo. Wa pili alimsikiliza kifua kwa utulivu, akamuandikia vidonge vya kutoa maji na vya kuupa moyo nguvu. Simba akaishi nami miezi 11, na najivunia kila mmoja.

Vidonge ni kwa saa, asubuhi na jioni. Nilikuwa navifutika ndani ya kipande cha muhogo wa kuchemsha. Atakunywa maji sana na atakojoa sana: usimnyime maji kwa kuchoka kusafisha uani. Chumvi haramu kwake. Na akilala, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikizidi 30, ukarudia zikawa zile zile, mpigie daktari usiku huo huo. Nilitundika daftari msumarini: 22, 24, 23. Siku mtoto wa jirani alipomrushia kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kwa mapenzi yake, niliandika 41.

Ugonjwa lakini haukunitoa machozi. Walionitoa machozi ni watu.

Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii najisi ya mbwa tunaiosha mara 7, moja kwa udongo. Basi kopo la udongo safi lilikaa kando ya bomba, na kanga kuukuu ya kumshikia haikuvuka mlango. Simba alilala bandani, ndani hakukanyaga. Juu ya yote hayo, Ramadhani nilipeleka futari kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, tambi na mkate wa kumimina. Asubuhi sahani ikarudi na kawa lake vile vile. Tambi zimegandana, hapana hata alama ya kidole. Miaka 9 tunapelekeana! Nilikaa chini jikoni nikalia.

Jamani, hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe, tunaisikia tunatikisa vichwa. Akija mbwa mwenyewe mlangoni, mkono unatafuta jiwe. Tujirekebishe. Mgonjwa ni mgonjwa, na mzee ni mzee.

Kwa hiyo dada, hesabu pumzi. Ukichoka, hesabu. Ukiona kachangamka, hesabu vile vile.

Mwezi uliopita, usiku wa Alkhamisi, nilipata 52. Nikarudia, 52. Daktari alikuja, akafanya aliloweza. Alfajiri Simba alikuwa keshakwenda. Nilipoanza kuchimba chini ya mnazi, mtoto wa jirani alitokea na jembe la kwao, hakuitwa na mtu. Mama yake alisimama mlangoni akitutazama, na hakumrudisha.

Daftari lina kurasa nyingi tupu bado. Ukikubali kumchukua, nijuulishe nilitie kwenye boti ya Pemba.