Karakana ya wanawake peke yao: ina haja gani?

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza kwa nini wanawake wa Unguja watake karakana yao ya teknolojia, yaani mahali pa wanachama kuundia vitu kwa vifaa vya pamoja, ilhali zilizopo hazijamfungia mtu mlango. Mlango kuwa wazi ni jambo moja, na nani anayeshika pasi ya kulehemu baada ya kuingia ni jambo jingine: mara nyingi mwanamke hupewa kazi ya kuandika majina ya waliohudhuria, na akiuliza swali hunyang'anywa kifaa ili aoneshwe, badala ya kuachwa ajaribu mwenyewe.

Wenzetu wa Marekani wamelishughulikia hili. Mothership HackerMoms, karakana ya Berkeley, California, ilianzishwa na kina mama waliotaka mahali pa kuundia vitu huku watoto wao wakiangaliwa papo hapo. Double Union, karakana ya wanawake ya San Francisco, ikafuata mwaka 2013. Humo cherehani huheshimiwa sawa na kompyuta, nami naona hilo ndilo kubwa zaidi, kwani mshonaji wa kofia za viua wa Pemba huhesabu vitobo na kupanga nakshi kwa umakini wa mhandisi, lakini hakuna anayemwita fundi wa teknolojia.

Hapa kwetu, Barefoot College iliyopo Kinyasini huwafundisha wanawake wa vijijini, wakiwemo wasiosoma sana skuli, kuunda na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Ila mafunzo huwa na mwisho, na karakana ya wanachama, kama hizo za Marekani, huendelea. Kwa hiyo, lau ningeanzisha karakana hapa, ningepanga kwanza saa zitakazowafaa wenye watoto, kabla ya kununua mashine yoyote.