Ukiping IP inajibu, ukiita jina inagoma
Kaka, kwa huo mtandao wenu wa mashine nane, kama ukiping (ukiigonga uone kama iko hewani) IP ya seva, yaani namba yake ya mtandao, 192.168.1.20, inajibu ila ukiandika jina la seva, uhasibu, inagoma, basi waya na swichi havina kosa, shida ni nani anaulizwa hayo majina. Fungua CMD kwenye kila mashine, andika ipconfig /all, angalia DNS, yaani yule anayegeuza majina kuwa IP. Mara nyingi utakuta mtu kaweka 8.8.8.8, DNS ya Google, kwa mkono, sasa Google atajuaje seva yenu iko chumba gani? Na usijidanganye kuweka ruta ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili eti ya akiba, mashine ikimuuliza huyo wa pili akasema jina halipo basi imeishia hapo, haiendi kuuliza kwingine, ndo ile leo inafanya kesho haifanyi.

Kwa mashine nane mi ningeacha ruta igawe IP zote yenyewe (ndo DHCP hiyo), seva na printa nazifungia IP zake humohumo kwa MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kila kifaa), majina naandika kwenye ruta kama ina sehemu ya DNS ya ndani. Haina? Raspberry Pi kuukuu, ile kompyuta ndogo, yenye dnsmasq (programu nyepesi ya DNS) inatosha kabisa. Faili la hosts, orodha ya majina na IP unayoandika ndani ya kila mashine, nalo linafanya kazi, nililitumia muda mrefu tu, ila siku IP ya seva ilipobadilika nilizunguka meza kwa meza kama mgeni anayeaga.

Alafu jina usilimalizie na .local, hiyo ni ya mDNS (mashine kuulizana majina zenyewe bila seva ya DNS), itakuletea vurugu, weka uhasibu.home.arpa. Ukimaliza piga ipconfig /flushdns ifute majibu ya zamani, ndo ujaribu tena.