Ukikubaliwa chuo cha Marekani kwa ED (Early Decision), ondoa maombi mengine

Hongera sana mdogo wangu! Umeuliza kama unaweza kuyaacha yale maombi mengine sita "yajifie yenyewe." Hapana. ED ni ombi la mapema na la ahadi: wewe, mzazi na mshauri wa shule mlitia saini kwamba ukikubaliwa unakwenda, na vyuo vingine unaviaga mara moja.

Ila kwanza soma barua ya msaada wa fedha. Kama kweli nyumbani hawaimudu hiyo ada, ongea na ofisi ya msaada wa fedha ya chuo kabla ya kugusa chochote, maana hiyo ndiyo sababu inayokubalika ya kujitoa kwenye ahadi.

Pesa zikikaa sawa, ingia akaunti yako ya kila chuo utafute kitufe cha kuondoa ombi. Usipokiona, tuma baruapepe ya mistari miwili kwa ofisi ya udahili: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya ombi, na kwamba umekubaliwa kwingine kwa ED. Hawakasiriki, wamezoea. Yale ambayo mwisho wa kuyatuma ni Januari na bado hujatuma, usitume. Ada ulizokwisha kulipa hazirudi, hizo sahau.

Mwambie na mshauri wako leo, asije akaendelea kutuma matokeo yako huko.