Wazazi Wanauliza: Ukienda kuikagua shule ya msingi ya mtaani

SWALI: Nimetembelea shule ya msingi ya serikali iliyo jirani nasi hapa Gungu, Kigoma, kwa sababu mwanangu anaanza Darasa la Kwanza Januari. Nimeipenda: madarasa yana rangi mpya, uwanja umefagiliwa, walimu wamenipokea vizuri. Shaka yangu ni wingi wa watoto. Nitajuaje kama wanafundishwa kweli?
*Mama msomaji, Gungu*

JIBU: Mama, rangi weka kando. Rudi siku ya kawaida, isiwe ya kikao, saa mbili na nusu asubuhi, umwombe mwalimu mkuu akuonyeshe madaftari ya Darasa la Pili. Chukua matatu, na moja liwe la mtoto asiyeongoza. Kwanza soma tarehe. Zikiruka wiki mbili na si likizo, uliza darasa lilikuwa na nani. Kisha tazama wino mwekundu: je, kosa limeonyeshwa na mtoto akaandika masahihisho chini yake, au kurasa zote zina tiki, hata kwenye hesabu iliyokosewa?

Tiki za namna hiyo mara nyingi si uvivu. Kiwango cha taifa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mkondo, yaani kundi moja la darasa, ukiwa na watoto 120, dakika moja tu kwa kila daftari ni saa mbili, kwa somo moja. Kwa hiyo usiulize shule ina walimu wangapi kwa jumla. Uliza Darasa la Kwanza lina mikondo mingapi, nani analishika, na kama watoto wanaingia kwa awamu ya asubuhi na ya mchana.

Ukipata mtoto wa jirani anayesoma hapo Darasa la Pili, mpe aya fupi asiyowahi kuiona. Ya kitabu cha shule haifai, wengi wameikariri.

Vyoo navyo vihesabu: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Wasichana 300 wanahitaji matundu 15. Na tazama juu: bati lisilo na dari likipigwa na mvua za huku kwetu, mwalimu hasikiki hata akipaza sauti.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yanasaidia ukiyasoma kwa jicho la pili. Linganisha waliofanya upimaji wa Darasa la Nne na waliofanya mtihani wa Darasa la Saba miaka mitatu baadaye. Wakipungua sana, uliza walikokwenda. Wapo waliohama, ila kandokando ya ziwa wengine huishia mialoni, wanakopokelea samaki, kwenye kazi ya dagaa.

SWALI: Elimu si bila malipo? Mbona mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa chakula?
*Baba msomaji, Tabora*

JIBU: Kumrudisha ni kosa. Tangu utaratibu wa elimu bila malipo uanze 2016, mwanafunzi hazuiwi masomo kwa sababu mzazi hajachanga. Mchango ni wa hiari, unakubaliwa kwenye mkutano wa wazazi. Anza kwa mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata.

Hata hivyo, uelewe kwa nini shule inaomba. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine ni za vitabu. Shule ya watoto 600 inapata kama 300,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi, mitihani na ukarabati. Uji haumo.

Mkutanoni dai hesabu ya wazi. Kwa mfano, gramu 100 za mahindi kwa mtoto kwa siku 194 za masomo ni kilo 19 na ushee, karibu debe moja kwa mwaka. Mkiambiwa madebe matatu, ombeni mchanganuo. Anayetoa fedha badala ya nafaka adai stakabadhi palepale.