Kwa watarajali wanaopenda kugawanya neutrofili kwa limfosaiti

Wadogo zangu, wiki hii kwenye raundi ya wagonjwa waliovujia damu ubongoni nimeisikia mara tatu: "NLR ni 13, huyu hana matumaini." NLR ndiyo hiyo hesabu: neutrofili kugawanya kwa limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu. Vinywa vitatu tofauti, na hakuna aliyetaja damu ilitolewa saa ngapi. Nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe nina deni hapo.

1. Andikeni saa ya kutoa damu, siyo tarehe tu. Damu ikivujia ubongoni neutrofili hupanda ndani ya saa chache, limfosaiti hushuka. CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, huchelewa, hufika kileleni karibu na siku ya pili. Msilinganishe ya saa ya pili na ya siku ya tatu.

2. Karatasi ya rufaa ina pande mbili. Geuza.

Nikiwa rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) mwaka wa kwanza tulipokea mama wa miaka sitini na kitu, mtu wa presha aliyeacha dawa, damu imevujia kwenye thalamasi, ndani kabisa ya ubongo. Tasnifu yangu ilihusu NLR na mRS (alama ya ulemavu, 0 ni mzima, 6 amefariki) ya siku ya 90, kwa hiyo kila FBP (hesabu kamili ya seli za damu) kwangu ilikuwa dhahabu. Nikapiga hesabu pembeni mwa faili: neutrofili 16.8, limfosaiti 0.9. Jibu 18.7! Nikaipigia mstari mara mbili. Nikamwita mwanawe koridoni, nikamwambia, "Kaka, jiandaeni." Akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo dokta, tumrudishe nyumbani?" Nikajibu, "Zungumzeni kama familia." Jibu la kiungwana, na la kipumbavu.

Jioni sista wa zamu akaniwekea faili mbele. "Dokta, hii umeiona?" Nyuma ya rufaa, kwa bluu ya kalamu inayoishiwa wino: deksamethasone miligramu 8 kila baada ya saa nane, siku mbili. Hiyo ni steroidi, na steroidi huzibandua neutrofili kwenye kuta za mishipa na kushusha limfosaiti. Nilikuwa nimepima sindano nikadhani napima ubongo. Na sindano yenyewe haikuwa na kazi pale: jaribio la Thailand la 1987 lilishaonyesha haiokoi, inaongeza maambukizi tu. Halafu GCS (alama ya fahamu, juu kabisa 15) ilikuwa 13, damu iliyovuja mililita 12, ventrikali (vyumba vya maji ya ubongo) safi. Alama ya ICH, inayokadiria hatari ya kufa kwa damu kuvujia ubongoni, sifuri! Sikuwa hata nimeihesabu.

Nilimkuta mwanawe nje ya geti akipatana bei na dereva wa Noah. Nikaomba radhi. Hakusema kitu, akamlipa dereva usumbufu, akarudi wodini. Siku ya 90 mama aliingia kliniki na fimbo, mRS 3, akanisalimia kwa furaha. Mwanawe alibaki mlangoni.

3. Pima kumeza kabla ya uji. Akipaliwa akapata nimonia, CRP na NLR zitapanda, nanyi mtasingizia ubongo.

4. Alama ya ICH na ABC/2 (makadirio ya ujazo wa damu iliyovuja, kwenye picha ya CT) kwanza, mengine baadaye. Mwongozo wa Marekani wa 2022 unashauri uamuzi mpya wa kutomfufua mgonjwa usubiri angalau hadi siku ya pili kamili ya kulazwa.

5. NLR kubwa huendana na matokeo mabaya, kwa wastani wa kundi. Kizingiti kila utafiti una chake, kwa hiyo acheni kukariri.

Na yule wa kitanda cha 6, mwenye NLR 13: kesho nisubiri na karatasi ya rufaa mkononi. Upande wa nyuma nimeshausoma.